Nikifungua ofisi yangu, nitakuwa nimewatupa watu wa Bangwe?

*Mimi ni wakili, mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Ujiji. Tangu nimalize Shule ya Sheria nimefanya kazi kwenye shirika la msaada wa kisheria hapa Kigoma. Wateja wangu ni watu wasio na kitu: mahabusu wa gereza la Bangwe, wajane wa Mwandiga waliodhulumiwa mirathi, wakimbizi wa Nyarugusu, wavuvi walionyang'anywa nyavu. Sasa mradi unaisha Desemba, na mshahara tangu mwaka jana unakuja nusu. Mwenzangu niliyesoma naye amenialika tufungue ofisi ya uwakili pamoja, maeneo ya Mwanga. Mteja wa kwanza tayari yupo, mfanyabiashara mwenye pesa zake anayegombania eneo la ufukweni na wavuvi. Shida ni kwamba baadhi ya wavuvi hao niliwahi kuwahudumia, niliwaandikia barua ya madai mwaka juzi. Pia nina kijana wa kesi ya mauaji ambaye Mahakama Kuu ilinipangia mimi kumtetea. Kikao chake bado. Mama anasema nimesoma bure. Wenzangu ofisini wameanza kuniita msaliti. Nikienda, nitakuwa nimewatupa watu wangu? Nikibaki, wanangu wawili watakula nini?*

*T., Gungu*

Mwanangu T., pole na mzigo, na ahsante kwa kuuleta hapa badala ya kuupeleka kijiweni. Nimeisoma barua yako taratibu nikaona jambo ambalo huenda wewe mwenyewe hukuliona: umemtaja kijana wa kesi ya mauaji kabla ya kuwataja wanao. Anayewatupa watu haandiki hivyo. Kwa hiyo hilo neno la usaliti tuliweke pembeni kwanza, tutalirudia nikishakwambia mengine ambayo hayatakufurahisha.

Kiti changu mahakamani kilikuwa cha karani. Nimeandika majina ya washtakiwa na kutafsiri Kiha cha watu wa Kasulu na Kibondo mbele ya majaji waliokuja kwa kikao kutoka Tabora, enzi ambazo Kigoma haikuwa na Mahakama Kuu yake na mwenye rufaa aliifuata kwa treni. Mawakili nimewaona wa kila namna. Nimewaona wakiingia na suti ya kuazima wakatoka na gari, na nimewaona waliotoka na gari lakini jina wakaliacha humo humo ndani.

Ofisi unayoogopa kuiacha haipo

Hebu nikuulize, unaacha nini hasa? Kule Marekani kulikuwa na mfungwa mmoja wa Florida aitwaye Gideon, aliyeiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli akilalamika kwamba alihukumiwa bila wakili. Mwaka 1963 akashinda. Tangu hapo mshtakiwa asiye na uwezo lazima apewe wakili kwenye makosa makubwa, na sehemu nyingi za nchi ile zina ofisi ya umma ya mawakili wa utetezi, wanaolipwa mshahara kama anavyolipwa anayeshtaki. Mtu akitoka kwenye ofisi ile kwenda kujitegemea, kweli kuna mlango ameufunga nyuma yake.

Sisi mlango huo hatuna. Tunayo Ofisi ya Taifa ya Mashtaka yenye mawakili wa Serikali kila mkoa, na kazi yao ni kushtaki. Wa kumtetea maskini hana ofisi ya umma. Tangu sheria ya mwaka 1969, anayesimama na mshtakiwa wa mauaji asiye na pesa ni wakili aliyepangiwa na mahakama, na mara nyingi ni wakili wa kujitegemea, mwenye pango la kulipa na wateja wengine wanaomsubiri. Maana yake, ukifungua ofisi Mwanga unaingia kwenye kundi lile lile ambalo Mahakama Kuu inachota mawakili wa kupangiwa. Kizimba cha kina kijana wako hakihami, na wewe hakuna anayekuzuia kukisogelea.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wenzako wanaokusema wanazungumza kana kwamba nchi hii imewagawa mawakili mafungu mawili, wa maskini huku na wa matajiri kule. Haijawahi kuwa hivyo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliposhtakiwa Dar es Salaam kwa yale yaliyochapwa kwenye Sauti ya TANU juu ya mabwana wilaya, alitetewa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, yule yule aliyekuwa amemtetea Kenyatta Kapenguria, pamoja na mawakili wa hapa hapa, K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey. Walikuwa mawakili wa kujitegemea hao, watu wa kuishi kwa ada. Mwalimu alitozwa faini ya shilingi 3,000 na mapambano yakaendelea. Hakuna aliyewauliza Jhaveri na Rattansey wanakula kwa kesi za nani siku nyingine.

Lakini nisikudanganye kwamba mpango wa kupangiwa ulitosha. Kwa miaka mingi uliishia zaidi kwenye mauaji. Aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana na lenye kifungo kisichopungua miaka 30, alisimama peke yake mbele ya hakimu. Shahidi akimaliza, mshtakiwa anaulizwa: una swali? Naye hajui swali ni kitu gani. Anaanza kujitetea, anaambiwa asubiri, si wakati wake, uliza swali. Anakaa kimya. Hakimu anaandika: hana swali. Kwa ukimya huo mtu alikwenda miaka 30.

Mmoja wa watu waliohukumiwa hivyo, Alex Thomas, alifika hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na tarehe 20 Novemba 2015 mahakama hiyo ikasema Tanzania ilikiuka haki yake kwa kutompa msaada wa kisheria. Mwaka 2017 tukapata Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayogusa jinai na madai, ikawatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini, na ikampa hakimu naye nguvu ya kusema huyu mtu anahitaji wakili. Mwaka 2023 ikaja kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia. Hayo yote ni mema. Ila wewe unajua kuliko mimi kwamba jina la sheria likishapigwa mhuri, mtu wa kupanda gari kwenda Kibondo bado anatafutwa, na nauli yake pia.

Njaa haina aibu

Kwa mama yako sitakaa sana. Mama wa Ujiji aliyekusomesha kwa kuuza mawese au vitenge, au chochote alichouza, akikuona unakopa nauli ya daladala kutoka Gungu huku una mhuri wa wakili mkononi, atasema umesoma bure. Hajui jinsi nyingine ya kusema anaogopa. Mpe muda.

Mshahara nusu ni jambo zito zaidi, nalo usilipambe kwa maneno ya kujitolea. Mashirika ya mkoa huu mengi yameegemea fedha za nje kwa sababu ya makambi, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona ofisi zikifungwa moja baada ya nyingine. Wakili mwenye njaa ni hatari kwa mteja. Anakosa nauli ya kwenda gerezani, anaomba kesi iahirishwe, na kuahirishwa kwa mtu aliye Bangwe ni miezi. Wakili anayejiuliza watoto wamekula nini hasikii shahidi alivyojikanyaga. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya.

Ulichonacho mkononi

Unadhani miaka yako ya msaada wa kisheria imekupa huruma tu. Imekupa na ufundi, na ufundi huo ndio utakaolipa pango.

Chukua jambo moja dogo. Sheria inasema polisi akishamkamata mtu, ana saa nne za kumhoji na kuchukua maelezo yake ya onyo, labda aongezewe muda kwa utaratibu. Lakini muda wa kumsafirisha mtuhumiwa hauhesabiwi. Mawakili wa mijini wakilisoma hilo wanaona barabara. Wewe mtu wa mwambao unaliona ziwa. Mtu amekamatwa Kalya, kusini kabisa mwa Uvinza, maelezo yake yameandikwa Kigoma kesho yake. Mwendesha mashtaka atasema tulikuwa safarini. Sasa hapo ndipo linapokuja swali ambalo wakili wa kuja hawezi kuliuliza: boti iliondoka saa ngapi? Ilikuwa boti ya nani, ya abiria au ya dagaa? Ililala wapi? Usiku ule ziwa lilikuwa limechafuka au limetulia? Mlipofika mwalo wa Kibirizi, mlikwenda kituoni moja kwa moja au mlipita mahali? Askari mkweli atajibu bila shida. Askari aliyeandika maelezo baada ya kijana kulazwa chini siku nzima ataanza kunywa maji. Na maelezo hayo yakikataliwa, mara nyingi kesi nzima inabaki imekaa juu ya mguu mmoja.

Ufundi huo hauna darasa. Umeupata kwa kukaa na mahabusu ukimwambia anza upya, mlipanda boti saa ngapi. Umejifunza kumsikiliza mtu anayeanza hadithi katikati, anayechanganya Kiha na Kiswahili, anayeona aibu kusema alipigwa. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ustadi huo umepanda bei, kwa kuwa sasa mbele ya hakimu wakili hawezi kujificha nyuma ya Kiingereza cha vitabuni. Mfanyabiashara wa Mwanga akishitakiwa au akidhulumiwa, atamtafuta wakili anayejua kumhoji shahidi wa kweli, na huyo ni wewe. Kwa hiyo usiende kwenye ofisi mpya ukijiona mtu anayeanza. Nendeni sawa kwa sawa na huyo mwenzako, na mgawanyo wa ada uandikwe kabla ya kupaka rangi kuta.

Faili la ufukweni

Sasa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie.

Kesi ya huyo mfanyabiashara dhidi ya wavuvi usiishike. Wala mwenzako asiishike akiwa ofisi moja na wewe, kwa sababu mkishakuwa ofisi moja, siri iliyo kichwani mwako inahesabiwa kuwa ipo kwenye kabati lake. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinakutaka utunze siri za mteja hata baada ya kuachana naye, na wavuvi wale walikuwa wateja wako. Kwamba hawakukulipa hakubadilishi kitu.

Tazama kilichomo kwenye siri hiyo. Ulipowaandikia barua ya madai walikueleza kila kitu: nani ana karatasi na nani hana, nani alimuuzia mwingine kipande kwa mdomo, nani ni mgeni aliyevuka kutoka Kongo au Burundi na anaogopa kuulizwa kibali. Walikueleza udhaifu wao kwa sababu ulikuwa wakili wao. Na eneo lenyewe ni la moto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji yalivyopanda miaka hii ya karibuni, hata mita hizo zinaanzia wapi ni ugomvi mwingine. Chanja za dagaa za wavuvi zimo ndani ya mita hizo, na ukuta wa tajiri nao, nina hakika, umo. Kesi ya namna hiyo anaishinda anayejua mwenzake ameficha nini. Wewe unajua. Huyo tajiri, kama ni mjanja, anajua kwamba unajua, na labda ndiyo maana pesa yake imewahi kufika kabla hata hamjapata ofisi.

Ukiishika, fikiria siku ya kwanza ya kesi. Mvuvi anaingia, anakuona, anatabasamu, anadhani umekuja kwa ajili yake. Halafu unasimama upande wa pili. Wakili wao, kama wanaye, atasimama kukupinga, na jaji atakuondoa. Likifikishwa Kamati ya Mawakili, ni jina lako linaloulizwa. Na hata lisipofika popote, Kigoma ni mji mdogo. Habari itafika Katonga kabla hujavua joho, na kuanzia siku hiyo hakuna mnyonge wa mwambao huu atakayekwambia ukweli wake wote. Utakuwa umeuza kile kile kilichokufanya uwe wakili mzuri.

Mwambie huyo mfanyabiashara, kwa heshima, kwamba huwezi, na usimweleze kwa nini zaidi ya hapo. Ukieleza sana utakuwa umeshaanza kuitoa ile siri. Ana pesa, mawakili hatakosa.

Mteja mwenye pesa ana swali lake

Kuna jambo jingine ambalo kazi uliyoizoea haikukuandalia. Mahabusu wa Bangwe hajawahi kukuuliza nimpe hakimu shilingi ngapi, maana hana hizo shilingi. Mteja wa kulipa atakuuliza. Hatasema hivyo waziwazi. Atasema, wakili, hakuna namna ya kumwona mheshimiwa? Ataweka bahasha mezani, atasema hii ni ya mambo madogo madogo ya pale mahakamani. Ukipokea, umekwisha, hata kama bahasha hukuipeleka popote na uliila mwenyewe. Nimewaona mawakili wakila pesa za hakimu ambaye hata habari hana. Kesi ikishindwa mteja anakwenda kumtukana hakimu, na kila mtu anaharibikiwa. Jibu lako liwe moja tangu siku ya kwanza, na liwe fupi: ada yangu ni hii, risiti yako hii, na mahakamani tunapeleka hoja. Wako watakaoondoka. Waache waondoke. Watakaobaki ndio utakaozeeka nao.

Ndugu wa mtu uliyepangiwa na mahakama usiwachukulie hata mia. Watakuja, na kuku, na debe la mawese, wakiamini wakili wa bure hafanyi kazi mpaka atiwe moyo. Waeleze kwamba kazi hiyo ina malipo yake kutoka mahakamani, hata kama mimi na wewe tunajua malipo hayo ni kidogo na yanachelewa. Na pesa yoyote ya mteja, ya dhamana au ya mauzo ya shamba la mirathi, ikae kwenye akaunti ya wateja peke yake. Mawakili wengi niliowaona wakifutwa hawakuanza kama wezi. Walianza kwa kuazima pango la mwezi mmoja kutoka kwenye pesa ya mjane.

Njia zilizopo

Kubaki mpaka mradi ufe mikononi mwako sioni faida yake. Kuomba kazi Serikalini, kwenye mashtaka, ni heshima pia na mshahara hauchelewi. Lakini katika barua yako nzima hujaigusa njia hiyo, kwa hiyo sitakusukuma huko.

Kufungua ofisi na mwenzako naona ndiyo njia yako, ila ingia ukiwa umepiga hesabu za Kigoma, si za Dar es Salaam. Kesi za jinai peke yake hazitajaza chungu. Chungu kitajazwa na mirathi, mikataba ya mauziano, dhamana za benki, viapo, ardhi, na wafanyabiashara wa bandarini wanaopeleka mzigo Kongo na Burundi. Pia jua kwamba hapa ada inafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikitoka, ziwa linapumzika na mteja wako wa Katonga hana kitu mpaka giza lirudi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, mji mzima ulihisi, kuanzia mama anayeanika dagaa mpaka mwenye duka la vitenge. Ziwa likifungwa tena, ofisi yenu isikutwe haina akiba. Kubaliana na mteja wa namna hiyo alipe kwa awamu, muandikiane, na mpe risiti kila awamu hata kama ni elfu kumi.

Na mwenzako akubali kitu kimoja kwa maandishi: kwamba kila kikao cha Mahakama Kuu ofisi yenu itapokea kesi za kupangiwa, na kwamba mtakwenda wenyewe gerezani, siyo kumtuma kijana wa mafunzo na karatasi. Nimewaona mawakili wakikutana na mteja wao wa mauaji mara ya kwanza kwenye korido, mshtakiwa amefungwa pingu na mwenzake, jaji yuko njiani kuingia. Wakili anauliza, jina lako nani, ulifanya au hukufanya? Mtu mwenye kosa la kunyongwa anapewa dakika za kumwamini mgeni. Siku utakapojikuta unauliza hivyo, ndipo hilo neno la wenzako litakuwa limekukuta. Leo bado. Walioko ofisini kwako wanaogopa, mwanangu. Mradi wao pia unaisha, na wewe umepata pa kwenda.

Namna ya kutoka

Mafaili ni ya shirika, yabaki kwenye shirika. Usinakili orodha ya wateja, usiwapigie simu kuwaambia njooni Mwanga, maana huduma uliyowapa ilikuwa ya bure na siku wakikuta bei mlangoni watajiona wamevutwa kwa chambo. Kwa kila faili andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: mteja ni nani, kesi iko wapi, tarehe ijayo ni lini, shahidi gani hajapatikana, na kitu gani mteja anakiogopa. Hicho cha mwisho hakimo kwenye mwenendo wa kesi, na ndicho atakayerithi atakachokihitaji zaidi. Wale wa Nyarugusu wataabikie zaidi, kwa sababu wao hawawezi kutoka kambini kuja kukuulizia.

Kijana wa mauaji yuko tofauti. Kama amri ya mahakama ilikuteua wewe kwa jina lako, huyo ni wako popote utakapokuwa. Mjulishe Msajili wa Mahakama kwa barua anuani yako mpya, ili hati ya wito isipelekwe kwenye ofisi iliyofungwa halafu ionekane umemkimbia mteja.

Kaa na mwenzako wiki hii, kabla hamjalipia pango, umwambie habari ya faili la ufukweni. Usiseme tutaona mbele ya safari. Akisema pesa ile ndiyo itakayonunua meza na viti, basi meza na viti mtakopa, au kila mtu ashike njia yake. Halafu andika notisi yako ya kazi. Na kabla hujaipeleka, panda gari la Bangwe ukamwambie yule kijana kwa mdomo wako mwenyewe kwamba unahama ofisi na kwamba wakili wake bado ni wewe. Akisikia nusu ya habari hiyo kutoka kwa mahabusu wengine, hatalala. Mwenzako akikataa sharti la wavuvi, niandikie tena, tupige hesabu ya ofisi ya peke yako.